Meli Zilizoning'inia

Tangu asubuhi Kanze alikuwa ameficha mzaha mmoja kifuani. Alijua kwamba kati ya darubini mbili ambazo yeye na babake, Mzee Kitsao, walikuwa wakienda kuzitazama Mtongwe, moja ilikuwa ya kioo cha kuakisi, si ya lenzi, na darubini ya kioo humwonyesha mtu dunia kichwa chini, miguu juu. Ukitazama nyota si neno, maana nyota haina juu wala chini. Lakini ukiielekeza baharini utaona meli zimening'inia kama popo, na ni nani atakayechungulia mara ya kwanza akanyamaza? Kanze alitaka kuusikia ukelele wa babake. Mwezi mzima ulikuwa umepita Mzee Kitsao hajacheka.

Ahadi ya darubini ilikuwa ya zamani. Kanze alipokuwa mtoto, umeme ukikatika mtaani kwao Changamwe, karibu na uwanja wa ndege, babake hutandika mkeka uani akamlaza ubavuni na kumwonyesha Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo ambacho nyanya yake kule Ganze alikitazama kabla ya kushika jembe. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," babake husema, naye Kanze humalizia, "kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Siku moja mtoto akaapa: nikianza kazi, Baba, nitakununulia darubini uzihesabu nyota zote hizo. Mzee alicheka akamwambia aanze kwanza kuhesabu vifaranga vya mamake.

Sasa alikuwa amemaliza chuo, anafundisha sayansi kwa mkataba katika shule moja ya Kiembeni, na huko huko amepanga chumba. Krismasi ilikuwa inabisha hodi. Ukoo mzima ungekutana Ganze, ambako giza ni giza kweli, si kama Changamwe ambako taa za ndege na za yadi za makontena zimeichafua mbingu ikawa rangi ya chai ya maziwa. Darubini aliyoitaka ilibidi iingie mkobani, maana kipande cha mwisho cha safari ni bodaboda na mashimo. Na ilibidi mtoto na mzee waweze kuitumia bila kuitiwa fundi. Alisoma, akauliza, akalinganisha. Aligundua kwamba wauzaji hupenda kuandika kwenye sanduku kuwa chombo chao kinakuza mara mia kadhaa, na kwamba hayo ni maneno ya kuuzia tu. La maana ni upana wa mdomo wa chombo, kwa kuwa huo ndio unaokusanya mwanga, na kisimamo kisichotetemeka.

Jambo moja hakulisema kwa mtu. Alitaka darubini ile imrudishie babake.

Mzee Kitsao alikuwa mpiga ishara. Miaka mingi aliifanya kazi hiyo bandarini, na alipopunguzwa huko akachukuliwa na yadi moja ya makontena. Dereva wa winchi hukaa juu sana, haoni kilicho chini ya kontena alilolinyanyua. Anachokiona ni mikono ya mpiga ishara. Mikono ikisema shusha, anashusha. Vibarua wa chini nao hawaangalii juu, wanaangalia mikono hiyo hiyo. Na mikono ya Mzee Kitsao ilikuwa na sifa yake. Yadi nzima walikuwa na msemo: Mzee akisema ameona, ameona.

Mwezi uliopita kontena lilishuka juu ya mguu wa kibarua mmoja aitwaye Kioko. Madaktari waliukata chini ya goti. Mzee Kitsao alipoulizwa ofisini alisema kwamba aliinua mkono wa kusimamisha na dereva hakutii. Dereva, kijana aitwaye Jacktone, alifukuzwa kabla jua halijatua. Hakuna aliyemuuliza Mzee mara ya pili. Tangu siku ile akawa mtu wa kukaa kimya mlangoni, chakula kikipoa mbele yake. "Babako ameona damu," mama yake Kanze, Bi Dhahabu, alisema. "Mwache, itamtoka taratibu."

*

Rashad, aliyekuwa akiuza vitu vya mtumba vinavyoletwa na meli kutoka Dubai, aliwapokea ghorofani kwake Mtongwe alasiri ikiwa imepoa. Aliwapandisha hadi juu ya paa, ambapo ng'ambo ya maji winchi za bandari zilionekana zimejipanga.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Alhamdulillahi. Polepole na hizo ngazi, fundi wangu hajazimaliza na hela yangu kaimaliza."

Darubini zilikuwa mbili, kama Rashad alivyomwambia Kanze kwenye simu. Moja nyembamba na ndefu, ya lenzi, juu ya miguu mitatu ya bati. Nyingine fupi na nene kama sufuria ya pilau, ya kioo, imekaa juu ya kibao cha mbao cha kuzunguka.

"Hii ndefu ndiyo wanayoipenda watu," Rashad alisema. "Ukisimama nayo, picha yako tu ni shahada."

Kanze aliigusa kwa kidole kimoja. Ikatikisika, ikaendelea kutikisika. "Shahada ya ulevi."

"Dada, umekuja kununua au kunisuta?"

"Na huu utandu kwenye lenzi?"

"Vumbi hilo, wallahi."

"Vumbi halioti mizizi, kaka Rashad. Hii ni kuvu. Joto na chumvi ya pwani, ikishaingia haitoki."

Rashad aliangua kicheko akamgeukia Mzee Kitsao. "Mzee, huyu umemsomesha au umemnoa? Haya, maneno baadaye. Mzee achungulie kwanza."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata nyumbani. Hakuna aliyeonja kabla ya baba kuonja, na baba akisema kimeiva, kimeiva. Kanze aliielekeza ile ndefu kwenye winchi za ng'ambo, akarekebisha mpaka picha ikatulia, kisha akamshika babake mkono akamsogeza. Mzee aliinama, akaweka jicho.

"Naam," alisema taratibu. "Naona winchi ya mwisho, ile ya kijani. Kibanda cha dereva, kioo cha kushoto kina ufa, wamekibandika. Na kwenye mguu wake kuna alama ya mkono wa rangi nyeupe. Ule ni mkono wangu, mwanangu. Tuliupaka siku ile tulipopata kazi ya kudumu."

Rashad alifungua mdomo. Kanze hakumwona, alikuwa tayari anaisogeza ile ya pili, anauma midomo asicheke. Sasa ndipo. Aliielekeza pale pale, akahakikisha picha imekaza, meli kubwa ikining'inia kutoka kwenye dari la bahari. Kisha akarudi nyuma.

Babake aliinama. Kanze alisubiri ukelele.

"Hii ni safi zaidi," Mzee Kitsao alisema.

Kanze alisubiri.

"Winchi naiona mpaka kutu yake. Kuna mtu anapanda ngazi, anakwenda juu kushika zamu."

"Na meli, Baba?"

"Meli ipo. Imefunga gati, imetulia juu ya maji. Bendera yake iko juu pale, inapepea." Akainua kichwa, akapangusa miwani kwa ncha ya shati. "Tuchukue hii. Hii ndiyo."

Mzaha ulimfia Kanze kifuani. Aliinama mwenyewe akachungulia, pengine mtu ameigusa, pengine imegeuka. Haikugeuka. Meli ilining'inia. Bahari ilikuwa juu na anga chini, na winchi ya mwisho ilikuwa ya buluu, mpya, haina mkono mweupe wala mtu yeyote kwenye ngazi. Akaitafuta ya kijani mwanzo wa safu hadi mwisho, asiione.

"Mzee," Rashad alianza kwa sauti ya chini, "lakini ile ya kijani si waliifumua tangu—"

Kanze alimtazama. Rashad akakohoa, akaokota kitambaa akaanza kufuta darubini ambayo haikuwa na vumbi.

"Tufungie, kaka," Kanze alisema. "Tumechukua hii."

Na kwa kweli babake alikuwa amechagua vyema. Ile fupi ndiyo iliyokusanya mwanga, ndiyo iliyosimama imara, ndiyo iliyoingia mkobani. Alichagua sawasawa, kama mtu anavyokisia mlango wa nyumba alimozaliwa.

*

Walitembea kuelekea feri ya Likoni, mkoba begani mwa Kanze. Sasa aliyaona yote aliyokuwa akiyaona siku zote. Jinsi babake alivyoutafuta ukingo wa barabara kwa soli ya kiatu. Jinsi alivyomngoja mtu amsalimie kwanza, apate sauti. Simu aliyozoea kuwapa wengine: nisomee, mwanangu, miwani hii si yangu. Penye ukuta wa mawe karibu na maji, Kanze aliomba wapumzike.

"Baba, mbona hukucheka?"

"Nicheke nini?"

"Zile meli. Zilikuwa wapi?"

Mzee Kitsao alitabasamu kama anayemjibu mtoto. "Meli zitakuwa wapi, mwanangu, kama si majini?"

"Darubini uliyoichagua hupindua kila kitu. Meli zilikuwa zimening'inia, Baba. Bendera ilikuwa chini."

Tabasamu lilibaki usoni mwa mzee muda kidogo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kisha likaanguka. Alivua miwani akaishika mapajani.

"Tangu lini?" Kanze aliuliza.

"Ni hii sukari. Daktari aliniambia inakula macho, nikasema labda ya wengine. Pembeni naona. Nauona ukuta huu, namwona yule mama mwenye ndizi. Lakini katikati kuna doa. Nikikitazama kitu, ndicho kinachopotea. Nikikutazama wewe usoni, uso haupo."

"Mama anajua?"

"Mamako anajua nimechoka."

Kanze alitaka kulia, na angelia, kama wazo jingine halikumfikia kwanza. Lilimjia polepole na uzito wake wote, likashuka. Mikono ya babake. Kontena. *Mzee akisema ameona, ameona.*

"Baba. Siku ya Kioko."

Vidole vya Mzee Kitsao vilianza kuikunja miwani.

"Uliinua mkono wa kusimamisha?"

Mwenye ndizi alipita na beseni lake kichwani, akawaamkua. Mzee aliitikia vizuri tu. Mama alipokwisha kupita, alisema, "Niache mpaka Krismasi ipite. Nitaacha kazi mwenyewe, nitasema mgongo. Wewe mkataba wako unaisha Aprili, mamako hana biashara. Mwezi mmoja tu, Kanze. Pale yadi nimepakariri, najua kila mtu anaposimama."

"Ulijua Kioko anaposimama?"

Kanze alishangaa kusikia sauti yake ilivyokuwa kavu. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kwamba baba hakemewi, huombwa, huzungukwa kwa maneno matamu. Na alimpenda, alimpenda hata sasa, kwa vile vidole vyake vilivyokuwa vikikunja na kukunjua miwani. Angeweza kunyamaza. Wangevuka feri, wangefika nyumbani, mama angepakua wali, na Jumatatu mikono ile ingeinuka tena mbele ya watu wasioangalia juu.

"Jumatatu mkono wako utasema nini, Baba?"

Jua lilizama bila wao kulitazama. Taa za bandari ziliwaka. Hatimaye Mzee Kitsao alivaa miwani isiyomsaidia kitu, akasimama, akapapasa hewa mpaka akalipata bega la bintiye.

"Kioko anakaa hapa hapa Likoni," alisema. "Nyuma ya kanisa. Nipeleke, kabla sijapata akili nyingine."

*

Kioko alikuwa amekaa nje ya chumba chake kwenye plot ya vyumba vya mabati vya kupanga, kipande cha mguu kimenyooshwa juu ya kigoda, magongo yameegemea ukuta. Alipowaona alijaribu kuinuka.

"Mzee Kitsao! Aki nilijua utakuja. Nilimwambia mama watoto, huyu mzee atakuja tu. Kaa, Mzee. Lete chai bwana, tuna wageni!"

Mkewe alitoka na birika na vikombe, akawasalimu kwa mikono miwili. Mzee Kitsao alikataa kukaa.

"Siku ile sikuinua mkono wa kusimamisha," alisema akiwa amesimama. "Nilimwambia Jacktone ashushe. Sikukuona, Kioko. Macho yangu yameharibika tangu zamani, nikaficha. Na ofisini nikasema uongo."

Chumba cha pili redio ilikuwa ikitangaza matokeo ya mpira.

"Lakini uliniona," Kioko alisema pole pole, kama anayemsaidia mzee kukumbuka. "Ulinitazama hapa, usoni. Nikasema Mzee ameniona, sawa. Ndio nikainama nifungue ile kufuli ya kontena."

"Nilikutazama usoni. Ninachokitazama ndicho kinachopotea."

Mke wa Kioko alikuwa ameshamimina kikombe kimoja. Alikitazama, akairudisha chai ndani ya birika, akakusanya vikombe vyote akaingia navyo ndani. Mlango aliufunga bila kelele.

"Hospitali nilimwambia huyo," Kioko alisema, akionyesha mlango kwa kidevu. "Nikamwambia niliona mkono wa Mzee ukisema shusha. Akaniambia ni dawa za usingizi. Nikakubali ni dawa. Kwa sababu nani atasema Mzee Kitsao anadanganya?" Sauti yake ilipanda, ikavunjika. "Unajua Jacktone huja hapa? Kila Jumapili. Analeta mkate. Anakaa hapo ulipo wewe, analia, ananiambia, bro nisamehe, sijui mkono wa Mzee ulinipita aje. Ameamini, Mzee! Ameamini ni yeye! Na mimi nakula mkate wake."

Mzee Kitsao aliinamisha kichwa. Kanze alitamani kusema kitu, kwamba babake ni mtu mwema, kwamba ni ugonjwa. Maneno yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililofaa. Akayameza.

Kioko aliuona mkoba begani mwa Kanze. "Na hiyo ni nini umebeba?"

"Darubini," Kanze alisema. "Ya kutazamia nyota. Ndiyo iliyo... tumetoka kuinunua."

"Itoe."

Kanze alishindwa kujua kama ni ombi au ni adhabu. Aliiweka juu ya kigoda ambacho Kioko alikipisha kwa kuushusha mguu wake kwa mikono. Juu ya mabati, upande wa ufuo wa Shelly, mbingu ilikuwa na weusi wa kutosha, na Kilimia kilikuwa kimepanda. Kanze alikitafuta, na kisimamo hakikutetemeka. Kioko aliinama akachungulia. Alikaa muda.

"Ai," alisema mwishowe, kwa sauti nyingine kabisa. "Kumbe ni nyingi hivi. Mimi huona kama sita tu." Kisha akajivuta nyuma. "Mzee. Njoo. Lakini leo usiniambie umeona kama hujaona."

Kanze alimwongoza babake. Alimwekea mkono kwenye ukingo wa chombo, akamwinamisha, kama yeye alivyolazwa mkekani zamani. "Usikitazame chenyewe, Baba," alimnong'oneza. "Tazama kando yake. Hata wenye macho mazima hufanya hivyo kwa nyota hafifu."

Mzee Kitsao alitazama kando. Pumzi yake ilisikika. Redioni walishangilia bao.

"Kuna kitu kama ukungu," alisema. "Pengine ni Kilimia. Pengine ni jicho langu tu linanidanganya." Akainua kichwa. "Sijui. Siwezi kuapa."

Kioko aliokota gongo lake moja akalipigapiga chini, polepole.

"Neno hilo tu," alisema. "Ungelisema siku ile."

Hakumwambia kwamba amemsamehe, na Kanze hakuthubutu kuungoja msamaha. Kioko aliutazama mlango uliofungwa, akautazama mguu wake. "Mpigie Jacktone. Hapa, nikisikia."

Mzee Kitsao alitoa simu mfukoni. Kwa mazoea akainyoosha kwa bintiye akaanza, "Nitafutie namba, miwani hii si—" Akakatiza. "Nitafutie namba, mwanangu. Sioni."

Kanze aliitafuta, akabonyeza, akamwekea simu kiganjani. Iliita mara kadhaa. Kisha sauti ya kijana ikaitika, changamfu, yenye adabu ile ile aliyofundishwa na yadi yote:

"Naam, Mzee! Shikamoo!"

Mzee Kitsao alifungua mdomo aitikie. Marahaba haikutoka.